Barua kwa Mwende: Riba Inayozaa Riba

Doha, Qatar

Mpendwa mdogo wangu Mwende,

Salamu nyingi kwako, kwa Mama na kwa wote hapo Kayole. Mimi ni mzima, kazi inaendelea.

Nimeiona picha ya daftari uliyonitumia. Sh 40,000, riba asilimia 12 kwa mwaka, miaka miwili, riba ikiongezwa kwenye mtaji kila mwisho wa mwaka. Umepata riba ya Sh 9,600. Kuzidisha kwako hakuna kasoro, ila hiyo ni riba ya kawaida: 40,000 × 12 × 2 ÷ 100. Swali linataka riba inayozaa riba.

Weka kanuni kando kwanza, uende mwaka kwa mwaka. Mwaka wa kwanza riba ni 4,800, pesa zinakuwa 44,800. Mwaka wa pili asilimia 12 inapigwa kwa hizo 44,800, yaani 5,376. Jumla ni 50,176, na riba yote 10,176. Toa 9,600 zako, zinabaki 576. Sasa tafuta asilimia 12 ya 4,800. Ni 576 ileile! Hiyo ndiyo riba iliyozaliwa na riba, na ukishaiona kwa macho yako, ile kanuni, 40,000 × 1.12², haikutishi tena.

Wakisema riba inaongezwa kila nusu mwaka, 12 inagawanywa kwa 2 na vipindi vinakuwa 4: 40,000 × 1.06⁴, kama Sh 50,499. Wengi hugawa asilimia wakasahau vipindi. Andika kila hatua, maana mtihani wa KCSE hutoa alama za njia hata jibu likikosewa.

Ile ya nyanya na vitunguu ulikaribia sana. Bei ya kilo ya nyanya ni n, ya vitunguu v: 3n + 2v = 540, na n + 4v = 580. Umepata n = 580 − 4v, vizuri. Lakini ulipoitia kwenye mlinganyo wa kwanza, 3 ikazidisha 580 peke yake, 4v ukaiacha ndani ya mabano. Ni 1,740 − 12v + 2v = 540, kwa hiyo 10v = 1,200. Kilo ya vitunguu 120, nyanya 100.

Sasa la Mama. Ameniambia kuna mtu anataka kumkopesha Sh 10,000 za kuongezea biashara ya mboga, asilimia 10 kwa mwezi, naye anaona ni elfu moja tu. Tafadhali kaa naye jioni. Usimtajie kanuni, mwandikie shilingi: 11,000, halafu 12,100, halafu 13,310, mpaka mwezi wa kumi na mbili. Asipolipa kitu na riba ikawa inaongezwa kwenye deni, atadaiwa karibu Sh 31,384. Amuulize pia huyo mtu: akishalipa nusu, riba itapigwa kwa deni lililobaki au bado kwa elfu kumi zote? Asitie sahihi kabla ya kujibiwa.

Mwambie angoje mwisho wa mwezi, nitatuma kitu. Nawe rudia swali la nusu mwaka kwa Sh 25,000, unipigie picha ya hatua zote.

Kaka yako akupendaye,
Mutua