Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Shughuli, Ada na Suala la Kijitabu

Ndugu wanachama, wawakilishi wa familia na wajumbe wa Kamati,

Shughuli za kawaida mnazijua. Vikao vilifanyika, wagonjwa tuliwatembelea wodini, misiba tulishiriki, na tarehe 22 Septemba tuliadhimisha Siku ya CML Duniani, yaani siku ya saratani hii yetu ya damu. Mihtasari anayo Katibu.

Sasa kijitabu tulichochapisha kuhusu ugonjwa wetu na dawa yake. Najua ndicho kilichowaleta baadhi yenu leo, maana kwenye vikao vingine sikuwaona. Imeandikwa kwenye kundi letu la WhatsApp, tena usiku wa manane, kwamba Mwenyekiti kachota mfuko wa nauli akachapishe historia ya Wazungu. Fedha ni shilingi 1,400,000, nakala 300, stakabadhi zipo, na Kamati ilipiga kura: tano kwa mbili. Wazo lilikuwa langu, silikani.

Kwenye kikao cha Machi mwenzetu mmoja alifungua leso mbele yetu. Ndani mlikuwa na vidonge vya imatinib, dawa yetu ya CML, vya miligramu 400 vilivyokatwa kwa wembe, unga umeganda kwenye pindo. Yeye alikuwa akimeza nusu, nusu akimpelekea wifi yake mwenye saratani ya matiti. Nia njema kabisa. Lakini nani aliwahi kukaa naye akamweleza kidonge kile kinafanya kazi gani mwilini? Kliniki foleni ni ndefu, unaulizwa hali, unaandikiwa, unatoka.

Ndiyo maana kijitabu kinaanzia mbali. Mwaka 1960, Peter Nowell na David Hungerford wa Philadelphia waliona kromosomu, yaani uzi unaobeba jeni ndani ya seli, fupi isivyo kawaida kwenye seli za watu wenye ugonjwa wetu. Mwaka 1973 Janet Rowley wa Chicago, mama aliyekuwa akikata picha za kromosomu kwa mkasi na kuzipanga kwenye meza ya chakula nyumbani kwake, akabaini kuwa kipande kilichokatika hakikupotea: kromosomu 9 na 22 zimebadilishana vipande. Jeni mbili zikiungana hapo, hutoka kimeng'enya kiitwacho BCR-ABL, nacho huiamuru seli ya uboho igawanyike bila kikomo, kama bomba lililoharibika koki.

Daktari Brian Druker wa Oregon, Marekani, alitaka kukiziba kimeng'enya hicho chenyewe badala ya kuuchoma mwili mzima kwa sumu. Alizijaribu kemikali za kundi la Nicholas Lydon wa kampuni ya Ciba-Geigy, Uswisi, na mwaka 1996 wakatangaza kwamba mojawapo, ndiyo hiyo imatinib, inaua seli zenye BCR-ABL na kuziacha seli zenye afya. Kampuni ikasitasita, wagonjwa wa CML ni wachache, soko dogo. Majaribio kwa wagonjwa yalianza 1998. Kati ya 54 waliopewa miligramu 300 au zaidi kwa siku, 53 hesabu zao za damu zilirudi sawa. Mei 2001 Marekani ikaidhinisha dawa, na mwaka uliofuata ukaanza mpango wa msaada wa dawa wa Novartis (kampuni iliyotokana na Ciba-Geigy) na shirika la kusaidia wagonjwa la The Max Foundation, ambao baadhi yenu mmeponea humo.

Je, hiyo ni historia ya Wazungu? Kidonge hukaa pale BCR-ABL inapochukulia nishati, kikapaziba. Saratani ya matiti haiendeshwi na BCR-ABL, kwa hiyo wifi alimeza bure na mwenzetu akabaki na nusu dozi. Na wanaosema Ufaransa watu wameacha dawa wakapona, wasome ukurasa wa tisa. Waliruhusiwa wale tu ambao ugonjwa haukuonekana kwenye vipimo kwa miaka miwili au zaidi, wakapimwa kila mwezi, na bado zaidi ya nusu yao ulirudi, wengi ndani ya miezi sita. Sisi kipimo hicho tunakipata lini, na kwa bei gani?

Tangu kijitabu kitoke, aliyekuwa akikata vidonge ameacha. Hilo sikuliona likiandikwa WhatsApp.

Ada. Wanachama 112, waliolipa 38, wenye deni la zaidi ya mwaka 51, waliobaki wamelipa nusunusu. Mfuko wa nauli umekauka kwa sababu hiyo, kijitabu kimesingiziwa. Mahudhurio ndiyo aibu zaidi: vikao viwili havikufika akidi, na mwezi wa Agosti chai ya watu hamsini tuliinywa watu kumi na wanne. Wanaolalamika kwa sauti kubwa, naomba Katibu asome majina yao kwenye daftari la mahudhurio, tuone.

Kwa mwaka ujao tunatarajia, Mungu akipenda, kuwaona wahusika wizarani kuhusu gharama za kipimo cha PCR, kile cha kutafuta mabaki ya ugonjwa kwenye damu, na kuangalia uwezekano wa mradi mdogo wa kuingiza kipato. Kamati italifanyia kazi.

Ajenda inayofuata ni ada mpya. Mweka Hazina amekaa mlangoni na kitabu cha stakabadhi, na malipo kwa simu yanapokelewa pia.

Nawasilisha.