Kabla ya kuwashangilia mahaka, ulizeni kamwaga nani

Mhariri, assalam aleikum.

Nataka kuwajibu hawa wanaosema mahaka, yaani wadukuzi wa kompyuta, wanaomwaga siri za serikali ni watetezi wa wanyonge. Hapa Mombasa likisikika tu faili limevuja, barazani kila mtu ni shabiki, "wache waanikwe!", simu yazunguka mkono kwa mkono na hamna hata mmoja aliyefika ukurasa wa pili.

Mwezi wa saba 2023 si lilikuja kundi lajiita Anonymous Sudan likaigonga eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, eti kwa sababu Kenya yaingilia mambo ya Sudan. Haya, ugomvi wenu na serikali, lakini aliyeumia nani? Tokeni za stima zikawa shida, tiketi za treni ya SGR shida, mtu yuko Miritini na mabegi na watoto wamlilia, waziri yuko zake kwenye AC. Na kazi yenyewe ilikuwa kuzijaza seva, kompyuta zinazoendesha tovuti, maombi ya uongo mpaka zizidiwe, kisha wakajigamba wamebeba data za pasipoti, serikali ikasema hakuna kilichopotea, mwananchi akabaki kati hajui amwamini nani. Watu wakaapa hao ni Warusi wamejificha nyuma ya jina, na mwaka 2024 Marekani ikaja kuwashtaki ndugu wawili, Wasudan hasa! Huku yule haka Guccifer 2.0, aliyemwaga faili za chama cha Democratic cha Marekani 2016, aliyejiita Mromania anayejifanyia mambo peke yake, mashtaka ya Marekani ya 2018 yakasema nyuma yake ni majasusi wa jeshi la Urusi. Jina la kundi halikwambii kitu.

Ila serikali nayo isijitoe hapa. Ripoti ya kampuni ya uchunguzi ya Kroll kuhusu madai ya pesa zilizofichwa nje enzi ya Moi, walikuwa nayo tangu 2004 wakaikalia, WikiLeaks, tovuti ya kuanika siri, wakaianika Agosti 2007, uchaguzi Desemba. Aliyeitoa alikuwa na lake bila shaka, lakini yaliyokuwemo yalituhusu sisi tunaolipa kodi. Na mikataba ya mkopo wa SGR je? Imesainiwa 2014, sisi ndo tuliopoteza kazi za malori na magodauni mizigo ilipohamia treni, tukiuliza twaambiwa ni siri, mpaka wanaharakati wa Okoa Mombasa wakaenda mahakamani, jaji akaamua Mei 2022 itolewe, na bado tukangoja mpaka Novemba Murkomen, aliyekuwa waziri wa uchukuzi, alipoiweka hadharani. Hakuna haka aliyehitajika pale, ni kifungu cha 35 cha katiba, haki ya kupata habari, na wakili. Sasa ukiwafungia watu mlango miaka minane wategemea nini, si watamshangilia yeyote anayeuvunja hata kama ni mwizi.

Nanyi magazeti, mkichapisha habari za faili lililovuja tuandikieni basi, ni zima au ni vipande vilivyochaguliwa, na mmethibitisha vipi, manake kichwa cha habari kikubwa peke yake hakitusaidii.

Msomaji wenu,
Majengo, Mombasa