Usiku wa Ushindi Mmoja

Chicago, usiku wa tarehe 6 Agosti 2024

Mwanangu mpenzi,

Tumeshinda. Umelala, mama, nami sikutaka kukuamsha, ndiyo maana naandika. White Sox, timu yetu ya besiboli, 5, Oakland 1. Mara ya mwisho kushinda ilikuwa tarehe 10 Julai. Tangu hapo ni mechi 21 mfululizo, kipigo juu ya kipigo.

Nilitoka kazini saa tatu na nusu nikawasha redio ya gari kwa mazoea tu. Raundi ya nne Andrew Benintendi akaupiga mpira ukavuka ukuta, alama mbili zikaingia. Nilipofika hapa chini nikaegesha, lakini sikushuka. Niliogopa nikifungua mlango nuksi itarudi. Mtu mzima na mvi zangu, nimejifungia garini hadi saa tano imepita, jirani anapita na mbwa wake ananichungulia kioo. Najua utacheka. Nataka ucheke, maana mara ya mwisho tulipozungumza habari za timu hii hukucheka.

Jumapili, tulipofungwa ile ya 20 kule Minnesota, ulifunga daftari lako la kuandikia mechi ukasema, "Baba, wao wenyewe hawajali, sisi tunajali nini?" Nikakufokea. Nikasema watoto wa siku hizi hamna subira, nikakuita kigeugeu. Hukunijibu, ukaenda zako chumbani. Mwanangu, ulikuwa umeuliza swali la haki, na mimi sikuwa na jibu, ndiyo nikapandisha sauti. Hasira za uwanjani nimekuja kuzimalizia kwako. Nisamehe.

Ujue mimi nimelelewa na mpira wa miguu. Coastal Union ya Tanga ikifungwa uwanjani kwake Mkwakwani, una wiki nzima ya kununa, kumsingizia refa, na kupona. Besiboli haikupi nafasi hiyo. Mechi 162 kwa msimu, karibu kila siku. Kidonda hakijakauka, kimeshatoneshwa. Tena huku hakuna kushuka daraja. Nyumbani timu ikiboronga hivi inashuka, inakwenda kuteseka huko chini, watu wanaona adabu imeshikwa. Coastal yenyewe imeshashuka ikapanda. Hawa wamepoteza mechi 88 na bado Agosti haijafika katikati, na mwakani watakuwa ligi hiihii, na mimi nitakuwa nanunua tiketi. Hilo ndilo linalonikera kuliko vipigo vyenyewe.

Kuna mzee kazini, mtu wa Baltimore, wiki yote hii alikuwa ananipa pole huku anatabasamu. Timu yao, Orioles, ilianza msimu wa 1988 kwa kupoteza mechi 21. Unajua walikuja kupumulia wapi? Hapahapa Chicago, wakatufunga sisi 9–0! Jana tuliifikia rekodi yao. Mbele yetu, ukihesabu tangu 1900, walikuwa wamebaki Phillies wa Philadelphia wa 1961, waliopoteza 23, na mimi usiku wa leo nilikuwa nazihesabu hizo mbili kama mtu anayesubiri hukumu. Nikamwambia yule mzee kwamba mwaka huohuo wa 1988 Coastal Union ilikuwa bingwa wa Tanzania, na babu yako alinibeba mabegani. Akaniuliza, "Halafu?" Nikanyamaza. Haijarudia mpaka leo.

Nilipofika mji huu mwishoni mwa 2005, Sox walikuwa ndio kwanza wametwaa ubingwa, wa kwanza kwao tangu 1917. Kila mtu na kofia nyeusi. Mshamba mimi nikadhani hiyo ndiyo kawaida yao, nikachagua bila kuuliza. Wewe hata kuchagua hukuchagua. Nilikuvika kofia hujaota meno. Basi ukitaka kuhama, hama. Hata ukienda kwa Cubs, wapinzani wetu wa mji huuhuu, nitakupeleka mwenyewe, ila nitakusubiri nje. Na hao wa Oakland tuliowafunga leo usiwacheke, wana msiba wao: msimu ukiisha timu inahama mji.

Ninachokuomba ni daftari tu. Usiku wa leo sikuwa nalo, nikaandika nyuma ya risiti ya mafuta, kwenye giza, kalamu inakata wino. Nimeandika alama tulizopata, na wapigaji wa Oakland waliotolewa kwa mapigo matatu nimewawekea K kama ulivyonifundisha. Sasa ile K inayogeuzwa kinyumenyume, ni ya yule aliyezungusha gongo akakosa, au ya yule aliyesimama akautazama mpira unapita? Nimezigeuza zote, halafu nikazifuta, halafu risiti ikachanika.

Nimeichomeka kwenye ukurasa unaofuata ule wa Jumapili. Wa jana nimeuruka. Kesho wanacheza tena hukohuko Oakland. Chai ipo kwenye chupa, maandazi nimeyafunika.

Baba yako