Barua kwa mwanangu: kabla hujatia sahihi, tazama walio juu walitoka wapi

Malindi, Januari

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Huku kaskazi inavuma na hatujambo, Alhamdulillahi.

Barua yako nimeisoma. Kampuni ya ballet ya shule yako inakupa uanagenzi wa msimu mmoja, na ile kampuni nyingine kubwa inafanya usaili wa watu wa nje mwezi ujao. Mamangu, usichague kwa jina. Fungua orodha ya wachezaji wa kila kampuni, na kwa kila aliye ngazi ya juu andika mambo matatu: alisoma shule gani, aliingia mwaka gani, aliingia kwa ngazi gani. Kisha tafuta matangazo ya kupandishwa vyeo ya misimu mitano iliyopita. Ukikuta wengi wa walio juu waliingia wakiwa juu tayari, basi hapo wa safu ya nyuma, wale wanaocheza kwa kundi, huzeekea nyuma.

Paris Opera, kampuni ya ballet ya Ufaransa, hulea wachezaji wake yenyewe. Wana shule yao tangu 1713 na ngazi tano, kuanzia kadrili, ya chini kabisa, hadi etwali, yaani nyota. Kwa miaka mingi watu wamepanda kwa mtihani wa ndani: mchezo mmoja uliopangwa na mwingine wa kujichagulia, mbele ya majaji. Etwali huteuliwa bila mtihani. Guillaume Diop aliteuliwa Machi 2023 akiwa bado ngazi ya tatu, akairuka ya nne. Mlango wa ndani ukiwa wazi, hata kuruka kunawezekana.

Royal Ballet ya London huchanganya. Natalia Osipova aliingia 2013 na Vadim Muntagirov 2014, wote wawili moja kwa moja ngazi ya juu. Lakini Francesca Hayward, mzaliwa wa Nairobi, alipita shule yao, akapanda ngazi kwa ngazi, akafika juu 2016. American Ballet Theatre ya New York nayo, mwaka 2015 ilipandisha wawili wa ndani, Misty Copeland na Stella Abrera, na mwaka huohuo ikaleta wawili wa nje kwenye ngazi hiyohiyo. Copeland alikuwa ameingia safu ya nyuma mwaka 2001. Hiyo miaka kumi na minne itie akilini.

Usidhani kila anayeletwa kutoka nje amemdhulumu mtu. Mara nyingi sababu ni kimo. Mchezaji wa kike akisimama kwenye ncha za viatu huongezeka urefu, na mwanamume aliyelingana naye chini huonekana mfupi juu. Kampuni ikiwa na binti mrefu mwenye kipaji na haina mwenzake wa kiume, italeta mtu. Ama nyota ameumia katikati ya msimu na tiketi zimeuzwa. Hayo naona ni ya haki. Linaloniudhi ni kuleta mgeni kwa ajili ya jina kwenye bango, na hali yuko mtu wa ndani aliyejifunza nafasi ileile nyuma ya ukumbi wa mazoezi miaka miwili, asipewe hata onyesho moja.

Ubaya mwingine hauonekani kwenye bango. Pale vivuli, yaani mizimu, wanapoteremka katika mchezo wa ballet La Bayadère, wanawake 24 au 32 hurudia mwondoko mmoja. Waliolelewa shule moja huinua mguu kimo kimoja na kugeuza kichwa kwa pumzi moja. Ukijaza safu watu wa shule tano, mikono ya waliosomea Urusi itakuwa juu na ya waliosomea Denmaki chini, na mazoezi ya wiki mbili hayatoshi kuisawazisha. Umeliona goma la Lamu, ile ngoma ya wanaume wenye bakora: mmoja akiwahisha bakora, safu nzima inaharibika.

Nawe ukiwa mzuri sana safuni, kuna hatari ya kuachwa hapohapo, kwa sababu kukutoa ni kuacha pengo. Kwa hiyo tazama ratiba ya maonyesho ya mchana siku za Jumamosi. Mkurugenzi anayewaamini vijana wake huwajaribu hapo kwenye nafasi kubwa. Ukiona majina yaleyale ya usiku yanarudi mchana, shaka.

Kabla ya kujibu, uliza kwa maandishi: wanagenzi wa miaka mitatu iliyopita walikuwa wangapi, na wangapi walipewa mkataba? Nani ananunua viatu vya ncha? Ukiumia, nani anakutibu na mshahara unaendelea muda gani? Muhimu kuliko yote kwa mwenye pasi ya Kenya: je, kampuni itakudhamini kibali cha kazi? Viza yako ya mwanafunzi hapo Uingereza kwa kawaida haikuruhusu kazi ya jukwaani, hata ya uanagenzi wenye malipo.

Kwenye ile kubwa, omba kwanza ruhusa ya kuhudhuria darasa lao la asubuhi. Katika usaili wa wazi wengi hutolewa mara tu mazoezi ya kushika fito ukutani yanapoisha, kabla hawajacheza katikati ya ukumbi. Darasani utaonekana mpaka mwisho, nawe utaona kama wa safu ya nyuma wanaitwa kwa majina yao.

Mimi naegemea kampuni ya shule yako, mradi angalau nusu ya wanagenzi wao wamebakishwa. Nitumie majibu yao kabla ya siku ya kutia sahihi tuyasome pamoja. Wadogo zako wanakuamkia.

Mamako