Barua ya wazi kwa vijana mnaomeza vitamini kila asubuhi

Wanangu,

Nawaandikia ninyi mliojizoesha kumeza vidonge vitatu vinne vya vitamini kila asubuhi, mkiamini kwamba kama kimoja kinafaa, viwili vitafaa zaidi. Siwalaumu. Mmeambiwa nusu ya habari, na nusu hiyo ni ya kweli. Nusu mliyofichwa ndiyo inayoumiza ini na mishipa ya fahamu.

Vitamini haitii nguvu. Haina kalori hata moja. Nguvu hutoka kwenye wanga, mafuta na protini. Vitamini ni kama spana mkononi mwa fundi anayevunjavunja chakula hicho ndani ya seli. Fundi asiye na spana amekwama, lakini ukimletea spana ishirini hakazi nati upesi zaidi. Ndiyo maana mwenye upungufu wa B12 akitibiwa hupata nafuu kubwa, na asiye na upungufu akimeza hiyohiyo hapati kitu. Ule mkojo wa njano kali mnaouona saa chache baada ya kidonge ni B2 inayotoka. Mmeinunua, mkaikojoa.

Vitamini ziko 13: A, C, D, E, K na nane za kundi B. Kabla ya kukariri kazi ya kila moja, shikeni kwanza mgawanyo wake. A, D, E na K huyeyuka kwenye mafuta: bila mafuta kidogo katika mlo hazifyonzwi vizuri, na ziada ya A na D hulimbikizwa mwilini badala ya kutoka. C na za kundi B huyeyuka kwenye maji, na ziada yake kubwa hutolewa na figo. Kwa hiyo hizi huisha mapema. Akiba ya B1 haivuki wiki mbili tatu mtu asipoila. B12 peke yake ndiyo mkaidi wa kundi lake, kwani ini huitunza kwa miaka.

Sasa chukueni chupa mlizonazo, zote, mzipange mezani na msome lebo. Kwa vitamini A, mwanamume mzima anahitaji mikrogramu 900 kwa siku, mwanamke 700, na ukomo wa ile iliyo tayari, yaani retinoli, ni 3,000. Kwa D, mtu mzima anahitaji mikrogramu 15, akivuka miaka 70 mikrogramu 20, na ukomo ni 100. Shida huanzia kwenye vipimo. Lebo nyingi huandika IU, yaani kizio cha kimataifa cha kupimia vitamini, na IU ya vitamini moja si sawa na ya nyingine: mikrogramu 1 ya D ni IU 40, lakini mikrogramu 1 ya retinoli ni kama IU 3.3 tu. Geuzeni kwanza, kisha jumlisheni chupa zote. Mtu anameza kidonge cha vitamini mchanganyiko, anaongeza mafuta ya ini la samaki, anaongeza cha ngozi na nywele, na A imo katika vyote vitatu. Kila chupa peke yake haina kosa. Kosa liko kwenye jumla.

Ikizidi A kwa muda mrefu, kichwa huuma, ngozi hukauka, ini huumia. Ikizidi D, kalsiamu hupanda katika damu: kiu isiyokatika, mkojo mwingi, kichefuchefu, choo kigumu, na baadaye mawe kwenye figo. Wengi hudhani dalili hizo ni uchovu, wakaongeza kidonge.

Beta-karotini ya mboga na matunda haina hatari hiyo, kwa kuwa mwili huigeuza kuwa A kadiri unavyohitaji. Ila wavuta sigara msiimeze kama kidonge. Huko Finland wanaume wavutaji walipewa miligramu 20 kila siku kwa matumaini ya kuwakinga na saratani ya mapafu; matokeo yaliyotangazwa mwaka 1994 yalionyesha kwamba waliopewa ndio waliougua zaidi.

Wala msijidanganye kwamba za maji hazidhuru. B6 inayohitajika ni miligramu 1.3 tu kwa siku, na viko vidonge vya 50 au 100. Ukivimeza kwa miezi, vidole vya miguu huweza kufa ganzi na kuwaka moto. Marekani waliweka ukomo wa 100. Ulaya mwaka 2023 waliushusha wa kwao hadi 12. Anayepewa B6 na daktari kwa sababu anatumia isoniazidi ya kifua kikuu asiiache kwa kusoma barua hii. Huyo ana sababu. C ikipita gramu 2 kwa siku huweza kuharisha.

Wako wanaohitaji kidonge kweli, na hao ndio mara nyingi hawamezi. Binti anayeweza kupata mimba ameze asidi ya foliki, yaani vitamini B9, mikrogramu 400 kila siku, kuanzia angalau mwezi mmoja kabla ya mimba hadi wiki ya 12. Kwa nini kabla? Kwa sababu mrija unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto hufunga ndani ya siku kama 28 tangu mimba kutungwa, wakati mama wengi hawajajua kuwa wana mimba. Usipofunga, mtoto huzaliwa na mgongo wazi. Aliyewahi kupata mtoto wa namna hiyo huandikiwa na daktari dozi kubwa zaidi, miligramu 4. Na katika ujauzito epukeni vidonge vya retinoli na maini kwa wingi, kwani A iliyozidi huharibu umbo la kijusi.

Asiyekula kabisa nyama, samaki, mayai wala maziwa lazima atafute B12, mikrogramu 2.4 kwa siku. Wazee, wanaotumia metformini ya kisukari kwa muda mrefu na walioondolewa mfuko wa tumbo au sehemu yake wapime damu. Msikimbilie foliki nyingi kabla ya kupima: huficha upungufu wa damu unaoletwa na ukosefu wa B12, daktari akaona damu nzuri huku mishipa ya fahamu ikiendelea kufa.

Mtoto mchanga apate sindano ya K anapozaliwa, asije akavuja damu kwenye ubongo. Anyonyaye maziwa ya mama pekee huhitaji D, mikrogramu 10 kwa siku. Na mkiona kapsuli ya A ya mtoto wa mwaka mmoja hadi mitano imeandikwa IU 200,000, msiogope kwa hesabu niliyowapa hapo juu: hiyo ni dozi moja inayotolewa kila baada ya miezi 4 hadi 6, penye upungufu.

Jikoni, C na foleti, yaani B9 iliyomo kwenye chakula, huharibiwa na moto na hukimbilia majini. Osheni mboga kabla ya kukata, kateni vipande vikubwa, maji yawe machache na yachemke kwanza, funikeni, na mchuzi msiumwage. Magadi hulainisha mboga upesi lakini huua C na B1.

Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, asibadilishe ghafla kiasi cha mboga za majani, wala asimeze K au E bila daktari kujua. Na ninyi mnaomeza biotini, moja ya vitamini za kundi B, kwa ajili ya nywele: huvuruga vipimo vya tezi ya shingo, hata kile cha troponini kinachoonyesha mshtuko wa moyo. Kabla sindano ya kuchukua damu haijaingia, semeni mnameza miligramu ngapi na mara ya mwisho ilikuwa lini.

Mzee wenu