Salum, sasa uko jirani na Godalming

Ndugu yangu Salum,

Asalaam aleikum. Huku sote wazima, mama anakusalimu sana. Kombo kaoa, ila hayo nitakusimulia siku nyingine maana ni marefu. Nimeshika kalamu baada ya Mwanaidi kunipa habari kuwa umehamia Guildford, huko Uingereza. Basi Godalming iko puani mwako!

Ndio ule mji ninaowasomesha vijana wangu wa umeme. Mwaka 1881 taa zake za barabarani ziliwashwa kwa umeme, na mwenye nyumba aliyetaka naye aliuziwa. Mashine ilizungushwa na gurudumu la maji kwenye kiwanda cha ngozi cha Westbrook, kando ya mto Wey. Kisheria hawakuruhusiwa kuchimba barabara, kwa hiyo nyaya wakazilaza kwenye mifereji ya kandokando. Nyaya za umeme, Salum, ndani ya mfereji wa maji ya mvua! Kila nikifika hapo darasa zima linapiga kelele.

Mto ukawasumbua, wakaleta injini ya mvuke. Wateja wa majumbani nao wakawa wa kuhesabika, na 1884 mji ukarudi kwenye gesi. Hapo ndipo roho inaponiuma. London yenyewe ilikuwa hivyohivyo: barabara ya Victoria Embankment, kando ya mto Thames, iliwashwa mwishoni mwa 1878 kwa mishumaa ya Mrusi Yablochkov, ile iliyong'arisha Avenue de l'Opéra kule Paris. Vijiti viwili vya kaboni vinasimama bega kwa bega, plasta katikati, moto wa umeme unaruka kwenye ncha. Saa mbili hazifiki, mshumaa umekwisha. Nani ataubeba mzigo huo kila usiku? Mwaka uleule wa 1884 gesi ikarudi na pale.

Na mwaka huohuo Timișoara, ambayo leo iko Romania, ikawasha taa 731 mitaani, tena za balbu! Ndiyo maana siwakubalii wanaosema Godalming walishindwa. Kazi yao ilikuwa nzuri, walichokosa ni wanunuzi. Nataka vijana walielewe hili kabla hawajaanza kuwafungia watu nyaya.

Sasa nina ombi. Jumamosi moja panda treni ushuke Godalming, unipigie picha za mto pale Westbrook. Kiwanda kimebaki chochote? Kuna kibao cha kumbukumbu? Wenyeji wenyewe wanaijua habari hii? Na wewe je, baridi unaiwezaje? Kazi umepata? Shemeji na watoto watakufuata lini?

Nijibu upesi, muhula unaanza karibuni.

Wako,
Hamadi