Mume wangu kaviita "vitu"

Shangazi, shikamoo.

Ni saa tisa usiku, wenyewe wamelala. Tafadhali usinihukumu kabla hujanisoma hadi mwisho.

Barua ya kliniki huja kila mwaka, tunalipa ada ya kuhifadhi viinitete vyetu vilivyobaki, yaani mayai yangu yaliyorutubishwa maabara na kugandishwa, basi. Safari hii imekuja na fomu: viendelee kuhifadhiwa, vitupwe, wapewe wanandoa wengine, au vipelekwe kwenye utafiti. Mume wangu aliisoma amesimama, ufunguo wa gari mkononi, akasema, "Hivi vitu si tuwape watafiti tu, tumalizane navyo?"

Vitu, Shangazi.

Mimi ndiye niliyevimba tumbo kwa sindano, mimi ndiye niliyetolewa mayai. Yeye alipewa kikopo na chumba. Lakini nisimwonee, sindano zenyewe alikuwa ananidunga yeye, mkono unamtetemeka kuliko wangu. Ndiyo maana neno lile limeniuma hivi.

Binti yetu aligandishwa pamoja nao. Siku ileile, pipa lilelile la naitrojeni, nyuzi 196 chini ya sifuri. Daktari akachukua mmoja, akaacha wanne. Angechukua mwingine, huyu aliyelala hapa na soksi mguu mmoja angekuwa huko kwenye baridi, anaitwa kitu. Hata Kiswahili hakinisaidii: nikiandika viinitete, kila neno linaanza na "vi".

Usidhani sielewi. Ni vya siku tano, seli mia moja na ushee, havina moyo wala neva. Najua nchi nyingi zinakataza watafiti kuvikuza kupita siku 14. Najua seli shina za kwanza za viinitete vya binadamu, zile zinazoweza kugeuka seli ya aina yoyote mwilini, zilipatikana 1998 kwa vilivyotolewa na watu kama sisi. Tena mume wangu kanikumbusha kwamba bila wanawake waliotoa mayai yao yachunguzwe, yule mtoto wa kwanza duniani wa kutungwa maabara, kule Uingereza, asingezaliwa 1978, na huyu wetu tusingekuwa naye. Nilikosa jibu. Nikasema sawa, wapeleke. Asubuhi nikasema hapana.

Halafu akatoa karatasi ya zamani, ile tuliyosaini kabla ya matibabu. Kwenye "utafiti" kuna alama ya vema, na ni mwandiko wangu. Nilikuwa nimefunga tangu usiku kwa ajili ya dawa ya usingizi, nina njaa, nina hofu, ningesaini chochote. Kliniki wanasema ridhaa inaweza kuondolewa maadamu havijatumika. Yeye anasema nilijua nilichofanya. Labda nilijua. Lakini wakati ule sikuwa na mtoto wa kuwalinganisha naye.

Kuwapa wengine siwezi, nitamkagua kila mtoto nitakayepishana naye njiani. Kutupa ndiyo kabisa. Na mtoto mwingine sitaki, nilipojifungua nilivuja damu hadi nikaongezewa, madaktari walinionya. Ingawa jana nilimpigia nesi kuuliza kama kwa umri wangu bado wanapokea. Niliuliza tu. Akasema inawezekana, ila saini ziwe mbili.

Saini yake naijua. Karatasi za shule za mtoto huwa namsainia mimi, hajawahi kulalamika.

Usiku huu nimesoma habari za yule mwanamke wa Uingereza aliyeondolewa ovari, viinitete ndivyo tumaini lake pekee, mwenzake akaondoa ridhaa. Alifika hadi Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, akashindwa 2007. Nililia kama msiba ni wangu. Na mimi sijaachwa na mtu! Mume ninaye, amelala hapo, anakoroma.

Nimwambieje kuhusu lile neno, Shangazi? Akiomba radhi tu, nadhani nitakubali hata utafiti. Sina hakika.

Fomu inatakiwa mwisho wa mwezi. Iko chini ya godoro, upande wangu. Nimeshatia saini yangu, viboksi bado sijavigusa.

Mama wa Mmoja